Zima, washa, ngoja dakika tano: barua ya wazi kwa wakubwa wa intaneti yangu

Lubumbashi, komine ya Kampemba

Kwa wakubwa wa kampuni inayoniletea intaneti nyumbani,

Jambo kwenu nyote. Jina la kampuni sitaliandika. Ninyi mnajijua, majirani zangu wanawajua, na mimi sina haja ya kuwaaibisha. Nina daftari tu, na kwa kuwa nimekosa mtu wa kulipokea kwenye dirisha lenu, nalisoma hapa hadharani.

Mimi ni fundi mstaafu wa simu za reli. Reli ilifika mji huu mwaka 1910, na tangu zamani hizo lazima awepo mtu wa kupanda nguzo na kutafuta waya umekatikia wapi. Kwa miaka 28 mtu huyo, kwa kipande cha kusini, nilikuwa mimi. Kwa hiyo nikipiga simu kwenu nikaambiwa, "Papa, zima ruta, washa, ngoja dakika tano," sikasiriki. Kuzima na kuwasha ni dawa ya kweli. Ruta ni kompyuta ndogo: kumbukumbu yake hujaa, programu yake hukwama, na ikianza upya inapata akili. Kinachoniudhi ni kwamba nimepewa dawa hiyo mara 19 kwa magonjwa ambayo si mamoja, na hakuna hata siku moja aliyesema, "Ngoja Papa, nitazame kwanza upande wetu."

Kwenye reli tulifundishwa hivi. Simu ya kituo cha mbali ikinyamaza, usitembee njia nzima ukikagua kila nguzo. Nenda katikati, funga simu yako ya kazi kwenye waya, sikiliza. Upande unaosikika ni mzima, ugonjwa uko upande mwingine. Nenda tena katikati ya upande huo. Kilomita 80 zinakuwa 40, zinakuwa 20, na kabla jua halijazama umesimama chini ya nguzo yenyewe, nyani amekaa juu anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekata.

Intaneti ya nyumbani inakatwa vipande vivyo hivyo. Kuna safari kutoka simu hadi ruta, hewani. Kuna safari kutoka ruta hadi kituo chenu cha kartie, yaani cha mtaa wetu, ndani ya uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Kuna safari kutoka kituo hicho hadi mlango wenu mkubwa, halafu duniani. Kila kipande kina mlango wa kugonga. Vijana wanaita ping: unagonga, unahesabu muda hadi mtu ajibu. Nagonga kwanza ruta yangu, ambayo hapa kwangu anwani yake ni 192.168.1.1. Nagonga mlango wenu wa kwanza, ule mkubwa ulio baada ya kituo. Nagonga 8.8.8.8, wa Google, kule mbali. Mlango wa kwanza kunyamaza ndio unaoonyesha ugonjwa ulipo. Mjukuu wangu aliniandikia programu fupi inayogonga milango yote mitatu kila dakika, mchana na usiku. Kila asubuhi nilinakili matokeo kwenye daftari, na pembeni nikaandika mvua, umeme na mengine niliyoyaona. Siku 40, katikati ya majira ya mvua.

Nianze na dhambi zangu, maana zipo.

Katika wiki ya kwanza ruta ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe, mara tano au sita kwa siku. Niliwalaumu ninyi, tena kwa sauti, na binti aliyenipokea alinyamaza kwa adabu. Kumbe kosa lilikuwa langu. Chaja ya ruta ilikufa siku umeme uliporudi kwa kishindo, nikanunua nyingine sokoni, imeandikwa volti 12. Nilipoipima haijafungwa kitu ilitoa 12 kweli. Nilipoipima ruta ikiwa kazini ilishuka hadi 10 na kidogo. Chaja dhaifu ni kama mbebaji anayejisifu kabla hajatwikwa mzigo. Nikaitupa. Binti yule, kama unasoma hapa, unisamehe.

Kosa la pili ni la mama wa nyumba, lakini kwa kuwa barua hii naye ataisoma, tuseme ni la wote. Ruta ilifichwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la chuma, kwa sababu taa zake "zinaharibu sebule". Nyumba yetu ni ya zamani, ya matofali ya kuchoma yaliyofinyangwa kwa udongo wa kichuguu, na ukuta wake ni mnene. Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 5 ina mbio, lakini ukuta wa namna hiyo inauogopa. Ya gigahezi 2.4 inapenya vizuri zaidi, ila ndiyo inayogombaniwa na kartie nzima. Nilihesabu ruta saba za majirani, nyingi zimekaa chaneli ya 6. Kwenye 2.4 chaneli zisizokanyagana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Nikahamia ya 11, nikaitoa ruta kabatini, nikaiweka juu ya rafu katikati ya nyumba. Chumba cha nyuma, ambacho mjukuu alikuwa hapati kitu, kikaamka siku hiyohiyo. Mama anaiangalia ile rafu mpaka leo kama mgeni aliyekataa kuondoka.

Na jingine ambalo mngeweza kulimaliza kwa mstari mmoja kwenye karatasi ya mkataba. Mjukuu alipakua faili, akaona kasi ya 2.4 kwenye kioo cha kompyuta, akapiga kelele kwamba tunalipia 20 na tunapewa 2. Hapana. Ninyi mnauza megabiti, kompyuta inahesabu megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ishirini ukigawa kwa nane ni mbili na nusu. Siku ile mlikuwa mnatoa haki yetu karibu yote, nami nilimwambia hivyo. Lakini ni nyumba ngapi mjini hapa zinazowatukana kila jioni kwa hesabu ambayo hamkuwafundisha?

Basi. Baada ya hapo nyumba yangu ilikuwa safi. Kuanzia siku ya tisa nilifunga kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, hewa isiwe kisingizio, na ruta yangu ikajibu kila hodi bila kukosa hata moja. Kilichobaki ni chenu.

La kwanza ni mvua. Ruta yenu ina taa iliyoandikwa LOS, nayo ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki. Ina pia ukurasa wa ndani unaoonyesha nguvu ya mwanga unaoingia. Kabla mvua hazijakolea nilisoma -21. Baada ya mvua kubwa ya wiki ya tatu ilishuka hadi -24, na siku mbili baadaye -27. Kwa wasomaji wasio mafundi: kila namba hiyo ikishuka kwa 3, mwanga umebaki nusu. Kutoka -21 hadi -27 umebaki robo, na vipokezi vya aina hii vingi vinashindwa hapohapo karibu na -27 au -28. Ndiyo maana mvua ikinyesha taa inawaka nyekundu, inazimika, inawaka, na jua likitoka kwa saa mbili tatu intaneti inarudi yenyewe kana kwamba ilikwenda kujisaidia. Nikizima na kuwasha ruta wakati huo, mwanga unaongezeka? Nikiiwasha mara mia, namba ni ileile.

Niliuliza majirani. Wa ng'ambo ya barabara, wateja wenu pia, hawana shida hiyo. Wanaoumwa ni sisi wa upande huu tu, nyumba tano tunaolishwa na nguzo moja. Nilikwenda kuitazama. Sikupanda, magoti yamekwisha staafu kabla yangu. Mjukuu alivuta picha kwa simu. Kile kisanduku cheusi cha kuungia nyuzi, kilicho juu ya nguzo karibu na mwembe, mfuniko wake haufungi. Fundi wenu wa mwisho ameuzungushia mfuko wa plastiki na kamba ya katani. Ndani ya kisanduku hicho, kichwa cha uzi kikiingiwa na maji au vumbi, mwanga unapotea hapo. Mfuko wa plastiki mimi nautumia kufungia sombe, majani ya muhogo.

La pili ni betri, na hili nililifurahia kulitafuta, nisiwafiche. Umeme ukikatika kwetu, ruta yangu haizimiki, kwa sababu nimeifunga kwenye betri ya gari. Uzi wenu njiani hauhitaji umeme: kile kigawanyio kinachogawa mwanga kwa nyumba nyingi ni kioo kitupu, hakina swichi. Kwa hiyo umeme wa kartie ukiondoka, intaneti ingepaswa kubaki muda wote kituo chenu kinapokuwa hai. Inabaki, lakini kwa dakika 40. Nimeandika mikatiko 14 ya umeme iliyozidi saa moja, na katika 14 hiyo, 12 taa nyekundu iliwaka kati ya dakika ya 35 na ya 45. Hapo wa ng'ambo ya barabara nao wanapotea, kartie yote inapotea pamoja. Mvua haina saa mkononi. Kinachokufa kwa dakika zilezile kila mara ni betri iliyochoka. Katika ile mara mbili iliyobaki, intaneti ilidumu hadi umeme ukarudi. Nadhani mtu alikuwepo kituoni akawasha jenereta, na huyo mumpe asante zangu.

Sijawaambia mrudishe umeme. Najua mji huu na umeme wake, najua waya mrefu ule wa kutoka bwawa la umeme la Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, na ninajua kila mtu hapa anaishi na jenereta, betri au mshumaa. Lakini ninyi mlipoamua kuuza intaneti Lubumbashi mlikuwa mnaujua pia. Betri ya kituo si anasa. Ni sehemu ya bidhaa.

La tatu ni jioni. Saa kumi na moja alfajiri mlango wenu wa kwanza unanijibu kwa milisekunde 5. Saa mbili usiku, nyumba yangu imezimwa vyote isipokuwa kompyuta ile moja, mlango huohuo unajibu kwa 300, na katika kila hodi kumi moja haijibiwi kabisa. Milango ya mbali nayo inachelewa kwa kiasi kilekile, kwa hiyo msiniambie ni mlango wenu tu unaopuuza ping. Mjukuu anasoma masomo ya mbali saa hizo. Mwalimu anaonekana amefungua mdomo, anakaa hivyo, halafu maneno ya dakika nzima yanatoka kwa mkupuo.

Nilipopiga simu kuhusu jioni niliambiwa, "Papa, ni mkongo wa baharini." Hapo niliomba tuongee polepole. Mikongo ya bahari hukatika, sibishi. Tarehe 6 mwezi wa nane 2023 maporomoko ya chini ya maji, kwenye korongo la mto Kongo baharini, yalikata mikongo ya WACS na SAT-3. Mto wetu wenyewe ulitukatia. Tarehe 14 mwezi wa tatu 2024 mikongo kadhaa ikakatika tena kwa pamoja mbele ya Abidjan. Siku hizo nililala mapema na sikumpigia mtu simu. Lakini bahari ikikatika, mlango wenu ulio hapahapa mjini ungeendelea kunijibu kwa milisekunde 5, na Google ndiye angenyamaza. Kwangu mlango wa nyumbani kwenu ndio unaosinzia. Na hakuna mkongo unaokatika kila siku saa moja jioni ukajiunga wenyewe saa nne usiku. Hiyo ni foleni.

Foleni iko wapi? Kibandiko cha ruta kinasema GPON, jina la mfumo wa uzi mmoja wa kioo unaogawiwa nyumba nyingi. Katika mfumo huo uzi mmoja kutoka kituoni hubeba karibu megabiti 2,500 kwa sekunde, na kwa kawaida hugawiwa nyumba 32 au 64. Tuseme 64, na kila nyumba imenunua 20 kama mimi, na wote wanavuta kwa pamoja hadi mwisho: ni 1,280. Uzi umejaa nusu tu. Kwa hiyo nyumba zetu hazisongamani kwenye uzi wetu. Tunasongamana baada ya kituo, kwenye njia inayotoka hapo kwenda mlango wenu mkubwa, njia ambayo mliipima siku mlipokuwa na wateja wachache na tangu hapo mnaongeza wateja tu. Kama nimekosea hesabu, nionyesheni yenu. Nitaiandika kwenye daftari hilihili.

Sasa kuhusu simu zenu. Vijana wanaopokea sina ugomvi nao. Wana karatasi mbele yao na wanaisoma. Wananiita Papa, wananipa pole, na inite zangu za simu zinaliwa na muziki. Lakini mashine zenu zinajua mambo ambayo hao vijana hawaonyeshwi. Kituo chenu kinaweza kusoma nguvu ya mwanga kwenye ruta yangu bila mtu kutoka ofisini. Ile -27 mngeiona kabla yangu. Tena ruta za GPON zina tabia moja inayonigusa kama fundi wa zamani: zikikatiwa umeme, kabla hazijazimika hutuma ujumbe wa mwisho kituoni, kama mtu anayekata roho akiwaaga wa nyumbani. Uzi ukikatika, ujumbe huo haufiki. Maana yake mashine inaweza kutofautisha mteja aliyekosa umeme na mteja aliyekatikiwa uzi. Na bado kila simu inaanza na, "Papa, uko na umeme?" Muulizeni ruta. Amekwisha kuwaambia.

Kwa hiyo ninaomba mpeni yule binti wa simu kioo cha kompyuta kinachoonyesha mwanga wa mteja wa leo na wa mwezi uliopita. Akiona umeshuka, asiniambie nizime. Amwandikie fundi, anipe namba ya malalamiko, na namba hiyo isifungwe mpaka mimi niseme imepona. Malalamiko yangu matano yamefungwa kwa sababu "koneksio imerudi". Ilirudi kwa sababu jua lilitoka! Halafu, siku mnapojua kituo kimezimika au mkongo umekatika, tumeni ujumbe mfupi kwa wateja. Mnatutumia ujumbe wa forfe mpya, yaani bando, kila asubuhi, njia ya kutufikia mnayo.

Na siku zilizopotea mziondoe kwenye malipo. Nimehesabu saa, ziko ukurasa wa mwisho wa daftari, mvua na betri peke yake. Jioni za polepole sijaziweka, maana hizo mtasema intaneti ilikuwepo.

Kuna ombi jingine ambalo si la kwangu tu. Mwezi uliopita uzi wenu wa barabarani ulikatwa na wezi, kartie ikalala siku mbili. Mji huu umezaliwa na shaba, na mwizi wa hapa akiona waya mweusi anaona shaba. Alikata, akachuna, akakuta kioo, akaenda zake. Alipata hasara, nanyi mlipata hasara. Andikeni basi juu ya uzi, kwa herufi kubwa nyeupe, kila mita chache, kwa Kiswahili: HAKUNA SHABA HUMU. Kifaransa kiacheni kwenye mkataba. Wakati wangu waya zilikuwa za shaba kweli na hatukuwa na cha kuwaambia wezi.

Fundi akija, kisanduku kiko nguzo ya tatu ukitoka kwenye mwembe kuelekea barabara kubwa, upande wa kushoto. Wa kwetu aje kabla ya saa tisa, mvua siku hizi inaanza hapo. Alete mfuniko mzima, si mfuko. Alete na kitambaa cha kusafishia vichwa vya nyuzi, kwa sababu yule wa mwisho alifuta kwa shati. Na alete ngazi yake, yangu ina kipago cha nne kimevunjika. Daftari nitamkabidhi alinakili, lakini haliondoki nyumbani. Akikuta tunakula, bukari ipo, ugali wetu.

Mteja wenu, nyumba ya tatu kati ya zile tano,
fundi mstaafu wa simu za reli